Uzi wa Senti Kumi

Mama yangu hakuniruhusu kamwe kuvaa kitu shingoni. Wasichana wenzangu darasani walining'iniza ufunguo wa nyumba kwa kamba, wengine walivaa shanga za sokoni, na mimi nilitembea shingo tupu hadi nikamaliza shule. Nilipoajiriwa kuwa mwalimu wa shule ya msingi nikapewa filimbi ya michezo yenye kamba yake, na siku moja nikafika nayo nyumbani Mbooni ikiwa bado kifuani. Mama alikuwa akichambua maharagwe. Aliinuka, akaivua kwa mikono miwili, akanitilia mfukoni, akarudi kwenye maharagwe yake. Nilinuna siku nzima. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mambo ya filimbi ile niliyakumbuka sana mwaka jana, nilipokuwa nikihangaika kutafuta mtu wa kupiga picha sarafu za marehemu baba.

Baba alifanya kazi ya reli Makindu. Pesa za zamani zilipoondolewa na mpya zikaja, yeye aliendelea kuzikusanya zile za zamani kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Kulikuwa na shilingi zenye simba, kulikuwa na sumuni, na kulikuwa na senti kumi nyingi sana, zile kubwa za shaba zenye tundu katikati na pembe mbili za ndovu zikilizunguka tundu. Hakuwahi kutuambia anazikusanya kwa nini. Alipofariki, mama alitaka mkebe utoke nyumbani mwake siku ile ile ya mazishi, wageni wakiwa bado wanakula. Nikaubeba hadi Mutomo, nilikoolewa, nikauweka juu ya kabati na kuusahau.

Ndugu yangu mdogo, anayeishi Nairobi, ndiye aliyeufufua. Alikuwa amempata mkusanyaji wa sarafu aliyekuwa tayari kununua zote, ila bwana huyo hakutaka kuziona wala kuzigusa kabla ya kuletewa picha. Masharti yake yalinifikia kwa simu: kila sarafu pande mbili, bila kivuli, bila mng'ao wa taa, na picha isirekebishwe hata kidogo. Nilimjibu ndugu yangu kwamba nimewahi kuona mahari ikijadiliwa kwa masharti machache kuliko hayo.

Kabla ya lolote nilipanda Mbooni kumwomba mama ruhusa. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Daktari alikuwa amesema jicho la kulia limeshakwenda na la kushoto halitafika mvua nyingine, na kwa wakati huo aliona tu kitu kikubwa, kikiwa karibu, penye mwanga mkali. Alinisikiliza akiwa ameketi mlangoni. Akasema tuuze tu, ila kwanza nimletee hizo picha, kubwa kubwa, kwa sababu sarafu moja ni yake.

Nikamuuliza ni ipi. Akasema akiiona ataijua. Nikamwambia, "Mwaitu, mama yangu, macho ya nini? Nitakuletea mkebe wenyewe uzipapase."

"Mkono wangu hauingii kwenye huo mkebe," alisema, kwa Kikamba, na kwa sauti aliyokuwa akitumia tulipokuwa wadogo na tumegusa kitu cha wageni. Kisha akaanza habari za kuku wake. Nikateremka mlima nikiwa nimekasirika, lakini nilijua nina miezi michache tu ya kumtafutia picha ambazo jicho hilo moja lingeweza kuziona.

Mutomo tuna studio moja ninayoiamini. Mwenyewe ni mtu mzima, mpole, hupiga picha za pasipoti na za kitambulisho, na hutengeneza vitabu vya mazishi. Ukimpelekea picha ya kitambulisho ya marehemu, yeye humvalisha koti na tai na kumwekea mawingu nyuma. Huku kwetu hakuna mwanamume anayezikwa bila tai, hata kama aliishi na mbuzi maisha yake yote. Nilimmwagia sarafu juu ya meza, akazipanga kwenye kitambaa cheupe, akaanza kuzipiga moja moja. Alipofika kwenye senti kumi moja alisimama, akainua kamera.

"Mwalimu, hii ni uchafu ama ni yake?"

Nikaangalia. Kwenye tundu la sarafu ile kulikuwa kumeshikana kipande cha uzi mweusi, kirefu kama kucha, kimekauka na kugandamana na shaba. Nikamwambia ni uchafu, ni nini kingine.

Niliporudi baada ya siku mbili alinionyesha kazi yake kwenye kompyuta, akiwa na furaha. Alikuwa amezitengeneza. Mikwaruzo yote imetoka, madoa yametoka, uso wa simba umelainishwa kama uso wa bibi harusi, na kipande cha uzi hakipo. Taa ya kamera ilikuwa imepiga katikati ya kila sarafu ikaacha duara jeupe. Mkusanyaji alikuwa amesema picha zisirekebishwe, na hizi zilikuwa zimerekebishwa hadi zikawa vifungo vya koti. Nilimlipa, kwa sababu si kosa lake kwamba watu humpelekea nyuso ili azifiche, nikaondoka bila picha.

Nikapiga simu mjini Wote kwa mama mmoja anayepiga picha za harusi, mwenye sifa nyingi. Akaniuliza wageni ni wangapi na kama tutahitaji kamera ya kuruka angani. Nilikata simu.

Hatimaye ndugu yangu akapata mtu Makindu, kando ya barabara ya Mombasa, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kupigia wakusanyaji picha za sarafu na stempu. Bei yake ilinikalisha chini. Lakini alituma picha moja ya mfano, ya sumuni, na nilipoifungua kwenye simu niliona manyoya ya simba moja moja. Nikajua jicho la mama litaona hapo. Nikamwambia ndugu yangu basi, ni huyo.

Hapa ndipo nilipokosea, na hakuna mtu wa kumlaumu. Nilifundisha miaka thelathini na mitatu, na kila Jumatatu asubuhi nilikagua kucha, kola na masikio. Huwezi kumpeleka mtoto kliniki bila kumwogesha. Niliziangalia sarafu za baba, nyeusi, zina kutu ya kijani kwenye kingo, nikaona aibu kumpelekea mgeni vitu vichafu namna ile aje aseme watu wa kwetu hawajui maji. Jumamosi nikachekecha majivu, nikakata limau, nikaketi uani na beseni. Ndivyo mama alivyonifundisha kusugua sufuria na vijiko vya wageni. Nilisugua kutoka asubuhi hadi saa nane, nikiimba nyimbo za kanisani, na kila moja iliyotoka kwenye majivu ikiwa nyekundu na inawaka niliifurahia.

Ile yenye uzi niliifikia katikati. Uzi haukutaka kutoka. Nilichukua pini nikauchokoa kidogo kidogo, ukatoka ukiwa mzima, nikautupa kwenye jiko lililokuwa karibu na mguu wangu. Ulikunjamana, ukatoa moshi mwembamba wenye harufu ya mafuta ya zamani, ukaisha. Nilifurahi kuwa nimeshinda. Jioni nilinawa mikono mara nyingi, lakini harufu ile ilibaki vidoleni, na wiki nzima niliisikia nikiinua kikombe cha chai.

Mpiga picha wa Makindu alikuwa mzee wa kutoka Murang'a aliyehamia pale zamani kutengeneza saa. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vipuri, na kila lori likipita meza ilitetemeka, kwa hiyo alikuwa amejizoeza kungoja. Kamera ilifungwa juu ya nguzo ikitazama chini. Chini yake palikuwa na kioo, chini ya kioo kitambaa cheusi, na kando taa mbili zilizofunikwa kwa karatasi ya kuchorea ramani ili mwanga usipige moja kwa moja. Nilipenda utaratibu wake. Nilifungua mfuko, nikamimina sarafu zangu zinazowaka, nikangoja asifu.

Hakusifu. Alichukua moja, akaiweka chini ya lenzi, akachukua nyingine. Malori mawili yalipita kabla hajasema kitu.

"Mama, nani aliosha hizi?"

Nikamwambia ni mimi. Akavua miwani, akanieleza polepole, kama anayempa mtu habari ya msiba, kwamba ule weusi ndio wakusanyaji wanaoununua. Weusi ule ni miaka yake, ukishatoka haurudi, na majivu yameacha mikwaruzo ambayo kamera yake itaionyesha yote. Angezipiga kama zilivyo, asingeficha kitu, na mnunuzi angeona kwa sekunde moja. Nilitamani kumjibu vibaya. Nikasema azipige tu, kwa sababu ya mama.

Alifanya kazi siku nzima. Kuelekea jioni aliniita nije nione kwenye kioo cha kompyuta. Ilikuwa senti kumi, imejaa kioo kizima, tundu lake kubwa kama sahani. Akanionyesha ukingo wa tundu. Upande mmoja ulikuwa mviringo kama ulivyotoka kiwandani, upande wa juu ulikuwa umelika, laini, kama ukingo wa kisima palipopita kamba.

"Hii haikuwa pesa," alisema. "Hii ilivaliwa. Hapa uzi ulikuwa ukivuta kila siku. Na haujatolewa zamani, angalia, pale ulipokuwa majivu yako hayakufika."

Kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, kovu la uzi, katikati ya shaba nyekundu. Nililipa, nikachukua picha zangu. Alikuwa amezichapa kubwa, kila moja ukubwa wa daftari.

Asubuhi iliyofuata nilichukua bodaboda hadi pale njia inapokuwa kali mno, nikamalizia kwa miguu. Mama alikuwa mlangoni, mahali ambapo jua hupiga saa nne. Nilimshikia picha moja moja, naye akazileta karibu na jicho la kushoto hadi pua ikagusa karatasi, akazisogeza taratibu kutoka kona hadi kona. Za simba aliziweka chini. Senti kumi za kwanza pia. Kisha akafika kwenye ile. Aliishikilia kwa muda mrefu. Nikaona mkono wake umeanza kutafuta kitu juu ya karatasi, kidole kikizunguka tundu, kikirudi.

"Ni hii," alisema. "Uzi uko wapi?"

Nilimuuliza uzi gani, ingawa nilijua. Ndipo akanieleza, nami nikiwa na umri wa bibi, jambo ambalo hakuwa amenieleza tangu nizaliwe.

Kabla yangu alikuwepo mtoto. Msichana, amepewa jina la nyanya yetu, amezaliwa kwenye nyumba za reli Makindu. Mama alisokota uzi mweusi kwa mkono wake, akaupaka mafuta, akaupitisha kwenye senti kumi, akamfunga shingoni kuwa kinga, kama mama yake alivyomfunga yeye. Mtoto alipoota meno aliutafuna uzi ule mchana kutwa, ukawa umelowa mate wakati wote. Wakati huo mama alikuwa ameokoka karibuni. Mtoto akashikwa na homa, wanawake wa kanisa wakaja kuomba, na mmoja wao akasema maombi hayatapita kitu hicho kikiwa pale shingoni. Wakamwambia akifungue. Fundo lilikuwa limekaza, akalikata kwa wembe. Mtoto hakufika Jumapili.

Baba ndiye aliyechukua sarafu na uzi wake. Hakuweza kuitupa, na hakuweza kuiona. Akaitia kwenye mkebe wa maziwa uliokuwa mtupu, kisha akaanza kuleta nyingine.

"Hakuwa akizipenda pesa hizo," mama alisema. "Kwa zote hizo alikuwa akiifunika ile moja."

Nilikumbuka baba akirudi nyumbani, akiinama, ile sauti ya sarafu ikianguka kwenye mkebe. Tulidhani ni mtu anayeweka akiba. Nilimuuliza mama kama aliwahi kuwakasirikia wale wanawake. Akasema aliimba nao kwaya moja hadi walipokufa wote, na kwamba hata leo hajui kama ni homa au ni wembe. Nilipozaliwa mimi hakunifunga kitu, na aliapa kwamba hakuna kitakachofungwa hapo ili pasiwe na kitu cha kukata.

Nami nina jina. Kwa Kikamba maana yake ni yule aliyerudi. Liko kwenye cheti changu cha ualimu na watoto wa darasa la nne wamelichezea miaka mingi. Nilidhani nilipewa kwa sababu mama alirudi salama kutoka hospitali. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa ameondoka.

"Niliuchoma," nilimwambia. "Nilidhani ni uchafu. Nimeutupa kwenye jiko."

Akauliza kama uliungua wote. Nikasema ndiyo, wote. Akaniomba nikaangalie chai jikoni, na huko jikoni nililia kama sijawahi kulia kwenye mazishi yoyote, nikiwa nimeziba mdomo kwa leso ili asisikie. Nilikuwa nimemuua mara ya pili yule mtoto, kwa usafi wangu, nikiimba.

Picha zilimfikia mkusanyaji, naye akajibu kwa adabu kwamba hatazihitaji sarafu tena. Ndugu yangu hakunipigia simu kwa wiki tatu. Sikujali. Nilikuwa nikilala na kuamka na kipande kimoja cha uzi, kirefu kama kucha, na nikiwa kanisani mkono wangu ulikuwa ukienda shingoni wenyewe. Ilikuwa siku moja nikisubiri kununua nyanya, macho yangu yakiwa kwenye mlango wa studio ya Mutomo, ndipo nilipokumbuka kwamba kamera ile mbaya iliiona sarafu kabla yangu mimi na majivu yangu.

Niliingia bila salamu. Nikamuuliza mwenye studio kama bado anazo zile za mwanzo, kabla hajazitengeneza. Akakuna kichwa.

"Hizo zilikuwa kwa kadi ya kamera, mwalimu. Sijui kama nilifuta."

Akatafuta. Nilisimama nyuma yake zikipita nyuso za watu wa Mutomo, walio hai na waliokufa, bila tai, bila mawingu, na jasho lao na makovu yao. Nilimwomba Mungu wa kanisa langu, nikaomba na mwingine yeyote aliyekuwa karibu. Kisha zikaja sarafu. Ile picha ilikuwa mbovu kama nilivyoikumbuka. Taa imepiga upande mmoja na kuuchoma wote mweupe, pembe moja ya ndovu haionekani. Lakini upande wa pili ulikuwepo uzi, mweusi, ncha moja imekatwa sawasawa na ncha nyingine imetawanyika nyuzi nyuzi.

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kipanya. Aliniuliza kama aondoe hilo doa jeupe, itapendeza. Nikamshika mkono na kumwambia asiguse kitu, aichape hivyo hivyo, kubwa kadiri mashine yake inavyoweza.

Macho ya mama yalikuwa yamepungua zaidi nilipofika. Ilinibidi nimzungushe kiti mara mbili kulifuata jua. Nilimwambia picha hii ni mbaya, imepigwa na mtu wa pasipoti. Akailaza usoni. Alipita sehemu nyeupe haraka, akapata tundu, akapata uzi, akaufuata kwa kidole kutoka ncha ya wembe hadi ncha iliyotawanyika, na hapo kidole kikakaa. Nilisubiri alie. Alitabasamu.

"Hapa ndipo ulipokuwa ukitafuna," alisema, "ulipokuja mara ya kwanza."

Sikumsahihisha. Aliweka picha mapajani, akanyoosha mikono yote miwili, akanishika shingo, akaipapasa pande zote hadi kisogoni kama anayetafuta fundo. Ilikuwa tupu. Kisha akaniuliza kama safari hii nitakaa, na mimi, mwanamke wa karibu miaka sitini, nikamwambia nitakaa.